Masika kwa miguu: niliyojifunza kuhusu maua na ndege, kutoka Menengai hadi Dunga

Maua ya porini ya huku kwetu hayana subira. Mvua ya kwanza ya masika ikipiga ardhi iliyokauka tangu Januari, mengine huchomoza, hufunguka na kunyauka mwezi haujageuka. Ukisema utaenda kuyaona ukipata nafasi, utakuta mabua. Nayaandika haya kwa ajili ya mtu wa Nakuru, Njoro, Kisumu au Kakamega ambaye angependa kuyaona, pamoja na ndege na wadudu wanaofuatana nayo, na hajui aanzie wapi. Mimi nilipoanza nilitafuta maelezo ya kwetu nikakosa. Niliyopata yote yalikuwa ya Ulaya.

Nilianza kutembea kwa amri ya daktari. Presha yangu ilikuwa juu, na mama yangu mzazi alifariki kwa kiharusi, kwa hiyo nilipopewa ile karatasi ya kliniki mikono ilinitetemeka. Niliambiwa nimeze dawa kila siku, nipunguze chumvi, na nitembee nusu saa kila asubuhi. Naishi Kiamunyi, upande wa mteremko wa kreta ya Menengai, Nakuru, na ulikuwa mwezi wa Februari: vumbi hadi kwenye meno, nyasi zimekauka kabisa, upepo wa alfajiri unapasua midomo. Kutembea kwa kusukumwa na hofu kunachosha. Kila nikipanda kilima kidogo nilikuwa nasikiliza moyo wangu badala ya kutazama njia.

Kilichonitoa kwenye hofu hiyo ni mti wa muhuti ulio kando ya njia yetu. Waluo huuita orembe. Huu mti hutoa maua wakati wa kiangazi, tena mara nyingi ukiwa hauna hata jani moja, kwa hiyo wekundu wake unauona kutoka mbali huku kila kitu kingine kikiwa kijivu. Asubuhi moja nilisimama chini yake kupumzika, nikamwona chozi wa rangi ya shaba, yule mwenye manyoya mawili marefu katikati ya mkia. Alitua kwenye tawi, akainama, akauzamisha mdomo wake uliopinda ndani ya ua, akautoa, akahamia ua la pili. Jua lilipompata, mgongo wake ulibadilika kutoka weusi kuwa kijani, kisha dhahabu. Nilikaa pale hadi akaruka. Nilipotazama saa, nusu saa ilikuwa imekwisha zamani, na sikuwa nimeusikiliza moyo hata mara moja.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Na hapo ndipo kalenda ya wengine iliponichanganya.

Ukitafuta kwenye simu maua ya mwanzo wa msimu, utaletewa picha za maua meupe yanayotoboa theluji Uingereza, na ushauri kwamba mwezi wa Machi jua likianza kukaa zaidi angani ndipo mimea huamka. Kwao ni kweli. Mimea yao husubiri joto na urefu wa mchana. Sisi Nakuru tuko karibu sana na mstari wa ikweta, na mchana wetu ni saa kumi na mbili, ama zaidi kidogo, mwaka mzima. Kinachobadilika hapa ni maji. Kitunguu cha ua kilicholala chini ya mwamba wa Menengai hakijui Machi wala Aprili, kinajua udongo umelowa. Ndiyo maana mwaka ambao mvua huwahi, maua huwahi, na mwaka ambao mvua huchelewa hadi katikati ya Aprili, usijisumbue kupanda mlima mapema kwa sababu tarehe imefika.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: anza kutembea wakati wa kiangazi, kabla hakujawa na kitu cha kuona. Chagua njia moja fupi karibu na kwako, uifanye kuwa yako. Uijue miamba yake, vichuguu vyake, mahali maji yanapotuama na mahali pasipopigwa jua hadi saa tano. Mvua ikinyesha hutakuwa na muda wa kutafuta. Utakuwa unaenda moja kwa moja kwenye vile vivuli na vichuguu ulivyovijua. Watu wengi hudhani lazima wasafiri. Nimeona mengi zaidi kwenye njia yangu ya kila siku kuliko kwenye safari nilizolipia.

Mvua yetu ya kwanza huja mchana, mara nyingi baada ya saa nane, na ngurumo nyingi. Siku chache baada ya mvua kubwa ya kwanza nilikuta kwenye kivuli cha mwamba, karibu na kichaka cha leleshwa, ua jekundu la duara limesimama peke yake juu ya kikonyo kinene, bila jani lolote. Jina lake la kisayansi ni Scadoxus multiflorus. Nilipiga magoti. Kwa mbali unaona ua moja, lakini ukikaribia unakuta ni vijiua vingi vidogo vilivyofungamana, mara nyingine zaidi ya mia, kila kimoja na petali sita nyembamba na nyuzi nyekundu zenye unga wa manjano kwenye ncha. Kile kikonyo chini kilikuwa na madoa ya zambarau. Majani huja baadaye, ua likishaanza kuchoka.

Nikiwa bado nimeinama, mzee mmoja mchunga ng'ombe akasimama nyuma yangu.

"Mama, umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu, mzee. Natazama hili ua."

Akalitazama, akatikisa kichwa. "Hilo ng'ombe hawaligusi. Ukitaka mengi, pita pale chini penye mawe, utayachoka."

Hakukosea. Pale chini yalikuwa mengi kuliko nilivyowahi kuyaona popote. Ng'ombe nao wana sababu: kile kitunguu kina sumu, na katika sehemu mbalimbali za Afrika kimetumiwa kutengeneza sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Ukitembea na watoto waonye mapema. Waonye pia kuhusu lile ua linalotambaa lenye petali nyekundu na manjano zilizojikunja kuelekea juu, Gloriosa superba. Ni zuri kupindukia, na mmea wote una sumu, hasa kiazi chake. Sheria yetu nyumbani ni kwamba tunatazama kwa macho na kupiga picha. Hakuna kuchuma, na mikono haiendi mdomoni hadi ioshwe.

Tangu siku ile nimejifunza kwamba wachungaji ndio walimu wa kwanza. Wao wako porini kila siku na wanajua nini kimechanua wapi. Salimia, uliza, sikiliza, na ukiwa na chai kwenye chupa, gawa.

Ua la pili ambalo ningetaka kila mtu alione ni lile jeupe linalolala juu ya nyasi fupi, hasa kwenye udongo mweusi unaoshika maji. Niliyaona mara ya kwanza upande wa Njoro, kwenye uwanja wa malisho, nikadhani watu wamemaliza pikiniki wakatupa karatasi za tishu. Ni Cycnium tubulosum. Lina majani mabichi na hujitengenezea chakula kama mimea mingine, lakini chini ya ardhi mizizi yake hujishikilia kwenye mizizi ya nyasi na kunyonya maji na madini. Ndiyo sababu ukijaribu kulihamishia kwenye chungu nyumbani litakufa. Limefungwa na nyasi zake. Liache hapo lilipo.

La tatu halihitaji safari hata kidogo, liko kwenye shamba lako la mahindi na pengine umeling'oa asubuhi ya leo: kongwe. Wakikuyu wanaliita mukengeria, Waluo odielo. Nenda kalitazame kabla ya saa nne, kwa kuwa ua lake hufunguka asubuhi na mchana huwa limekwisha. Lina petali mbili za buluu zilizosimama na ya tatu ndogo chini isiyoonekana vizuri. Ua linatoka ndani ya jani lililokunjwa kuwa kifuko, na ukikibinya kile kifuko kwa upole utaona ute unaotoka. Lile kongwe la shambani, Commelina benghalensis, lina siri nyingine. Hutoa pia maua chini ya udongo ambayo hayafunguki kamwe na bado huzaa mbegu. Nilipolijua hili nilielewa kwa nini mama zetu wamepigana nalo kwa jembe maisha yao yote na bado lipo. Napalilia kama kawaida, mahindi lazima yakue, lakini pembeni mwa ua nimeacha kipande chake.

Sasa kuhusu vifaa na pesa, maana hapa watu hupoteza. Darubini zinazouzwa mitaani kwa maneno makubwa, eti zinavuta mara mia, ziepuke. Yangu ya kwanza ilinigharimu zaidi ya shilingi elfu tatu, ilionyesha ndege wawili mahali pa mmoja na kunipa maumivu ya kichwa. Tafuta iliyoandikwa 8x42 au 8x32 (yaani inakuza mara nane, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42 au 32), hata ya mtumba, na uijaribu kabla hujalipa: itazame nguzo ya stima iliyo mbali, uone kama mstari wake ni mmoja na umenyooka. Kama huna pesa ya darubini, anza na maua na wadudu. Maua hayaruki. Simu ya kawaida inatosha, na kioo kidogo cha kukuzia cha kutoka duka la vitabu kitakufungulia mengi.

Kutambua majina, natumia programu ya iNaturalist kwa mimea na Merlin kwa ndege. Zote mbili hukosea, tena kwa kujiamini, kwa hiyo jibu la kwanza lichukue kama pendekezo tu. Piga picha ya ua kwa mbele, kisha ubavuni, kisha majani, kikonyo, na mahali lilipoota. Picha moja ya ua kwa karibu haimsaidii hata mtaalamu. Ukiiweka iNaturalist, watu wanaojua mimea ya Afrika Mashariki hupita na kurekebisha, wakati mwingine baada ya miezi. Na kama umekuta kitu adimu au kitunguu ambacho watu hung'oa kuuza, ficha mahali hasa. Programu inaruhusu.

Gumboots nazipendekeza kuliko viatu vya michezo vya bei. Udongo wa Nakuru ni majivu ya volkano, ukilowa unateleza, na mvua kubwa hufungua nyufa kwenye ardhi ambayo jana ilikuwa tambarare. Usikanyage mahali ambapo maji yanaingia chini na kupotea.

Kuna jambo ambalo sikulitegemea, nalo ni watu. Mwanamke mzima anayetembea polepole na daftari, akisimama kwenye mipaka ya mashamba na kuandika, huonekana anapima ardhi. Niliulizwa na kijana mmoja, kwa ukali, kama nimetumwa na mnunuzi. Sikumlaumu, watu wameporwa mashamba yao kwa njia hiyohiyo. Nilimwonyesha picha za maua kwenye simu, moja baada ya nyingine, akatulia, kisha akaniita nikaone kiota cha kwera nyuma ya zizi lao. Siku hizi naomba ruhusa kwanza, na sipiti shamba la mtu bila kumsalimia mwenyewe. Pia siendi peke yangu sehemu zenye upweke, hasa ukingoni mwa kreta na msituni. Tuko kikundi kidogo cha majirani, wengi wakiwa watu wa presha na sukari kama mimi. Ukitembea na mwenye macho mazuri, mwenye masikio mazuri na mwenye kujua mimea ya dawa, mnaona mara tatu.

Hatari za kweli si nyingi ila zipo. Nyoka aitwaye moma hupenda kulala kimya kando ya njia na hahami akisikia hatua, kwa hiyo macho kwanza kwenye njia, kisha kwenye maua, na usiingize mkono kwenye nyufa za miamba. Siafu hutembea sana mvua ikianza. Ukisimama kutazama ndege, tazama kwanza unaposimama. Na radi: ikinguruma, ondoka kileleni na chini ya mti ulio peke yake, hata kama umebakiza dakika chache kufika ulikokuwa unakwenda. Ukingo wa Menengai una mwinuko wa mita 2,278 na hauna pa kujificha.

Ndege wa Machi nao wana habari yao. Wakati Wazungu wanatoka nje kuwapokea mbayuwayu, sisi ndio tunaowaaga. Mbayuwayu wa Ulaya hukaa huku miezi mingi, na ifikapo Machi na Aprili huanza kurudi kaskazini kuzaa. Utawaona wamejipanga kwenye nyaya za stima, wengi kuliko kawaida, kisha asubuhi moja nyaya ni tupu. Korongo weupe waliokuwa wakiokota wadudu kwenye mashamba yaliyolimwa ya Rongai na Njoro nao huondoka. Huzunguka hewa ya joto ikiwapandisha bila kupiga mbawa sana, na kwa kuwa juu ya bahari hewa hiyo haipatikani, hupitia Misri, Sinai, Israeli na Uturuki badala ya kukata moja kwa moja baharini. Nilipowaona wakizunguka juu ya shamba la ngano hadi wakawa nukta, nilijua wanakoelekea, na nilijikuta nawaombea wafike.

Pengo lao hujazwa haraka. Kekeo mwenye kifua chekundu huanza kupiga noti zake tatu zinazoshuka, kutwa nzima, na wakulima wengi wanajua maana yake ni kuandaa mbegu. Kumwona ni kazi, anakaa juu ndani ya majani. Msikilize tu, uandike tarehe uliyomsikia mara ya kwanza. Ukiziweka tarehe hizo mwaka baada ya mwaka, pamoja na tarehe ya mvua ya kwanza, unakuwa na kitu ambacho hakuna mtandao utakupa: kumbukumbu ya mtaa wako.

Na kama una nafasi ya kupanda juu hadi Molo au Mau Narok nyasi zikishaota, nenda ukamwone kweche mwenye mkia mrefu. Wakati wa kiangazi dume ni wa kahawia, hana cha kumtambulisha. Mvua ikija anavaa weusi na bega jekundu, na mkia wake unafikia karibu nusu mita. Anaruka polepole juu ya nyasi, mkia ukining'inia, na unashangaa anawezaje kuubeba. Mwanasayansi wa Uswidi, Malte Andersson, alikuja Kinangop kulichunguza jambo hili. Alikata mikia ya madume wengine, akawaongezea wengine kwa kuwabandikia manyoya kwa gundi, kisha akahesabu viota vipya kwenye maeneo yao. Waliorefushiwa mikia walipata majike zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1982 na hadi leo hufundishwa vyuo vikuu duniani kote. Somo la Kinangop, kwenye nyasi zetu, na mimi nililisikia nikiwa mtu mzima!

Nakuru yenyewe watu huuliza kwanza kuhusu heroe, ambao wengi wetu tunawaita flamingo. Ukweli ni kwamba tangu miaka ya 2010 maji ya Ziwa Nakuru yamepanda sana, magadi yakazimuliwa, mwani wanaoula ukapungua, na heroe wengi wakahamia maziwa mengine kama Bogoria. Ile migunga ya manjano ya ufukweni ilifia majini. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kutembea ovyo kwa miguu, unahitaji gari, na ada inalipwa kupitia eCitizen. Kwa mtu wa miguu naona pesa hiyo ni heri ikae.

Pasaka tulienda Kisumu kwa wifi yangu, akanipeleka Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Hapa sharti uwe na mwongozo wa ufuoni na boti, na utoke jua likichomoza. Kijana aliyetuendesha aliniambia, "Mama, kaa chini kwanza, usisimame hata ukiona nini," na baada ya muda nikaelewa: viboko walikuwa wakirudi majini kutoka malishoni. Kiboko aliyekatwa njia yake ya kurudi majini ni hatari kubwa, kwa hiyo usitembee ufuoni gizani wala alfajiri bila mwenyeji. Alizima injini kando ya mafunjo tukangoja. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea isipokuwa mbu. Kisha akatokea, kwa sekunde chache tu: mgongo mweusi, kifua chekundu kilichokolea, utosi wa manjano. Ndege huyu, ambaye kwa jina la kisayansi ni Laniarius mufumbiri, anaishi kwenye mafunjo tu, ya Ziwa Victoria na maeneo ya jirani. Mafunjo yakikatwa yote au yakichomwa, hana pa kwenda. Pembeni yake lilikuwa limetanda gugu maji, nalo limechanua zambarau hafifu yenye doa la manjano. Ni ua zuri. Ni hilohilo lililofunga bandari na nyavu za wavuvi, mmea uliotoka Amerika Kusini. Nililipiga picha na bado nawahurumia wavuvi.

Kutoka hapo tulipitia Butere kwa mama mkwe, na ni yeye aliyenionyesha tukio kubwa kuliko yote ya masika. Mvua ilikuwa imenyesha mchana. Jioni akaniambia, "Mwanangu, leo kumbikumbi watatoka," akazima taa zote isipokuwa moja, akaweka karai la maji chini yake. Walikuja kwa maelfu. Asubuhi niliamka mapema nikaenda kwenye kichuguu. Mbawa zilikuwa zimetapakaa kila mahali, na katikati yake wale waliobaki walikuwa wanatembea wawiliwawili, dume akimfuata jike nyuma kabisa, wakitafuta ufa wa kuingilia na kuanza familia mpya. Vipanga walikuwa juu, kuku chini, chura mmoja mnene amekaa bila kusogea akimeza wanaopita karibu. Karibu kila mnyama wa kijiji hicho alikuwa amekula kumbikumbi kufikia saa mbili asubuhi, na sisi tukiwemo, wamekaangwa bila mafuta kwa chumvi kidogo. Mimi na presha yangu niliomba wangu bila chumvi.

Msitu wa Kakamega tuliugusa tu kwa siku moja, nao unataka zaidi. Chukua mwongozo wa pale Buyangu au Isecheno. Bila yeye utaona majani. Yeye alitusimamisha chini ya mbega, mweusi kwa mweupe, jike akiwa na mtoto mweupe pepe kifuani.

Kuna huzuni moja lazima niitaje. Pale chini penye mawe, aliponielekeza yule mzee, msimu uliofuata nilikuta vigingi vya ploti. Nililia njiani, sioni aibu kusema. Jirani mmoja wa kikundi akasema kulia hakutoshi, tumtafute mwenye ploti. Tulimpata, kijana mwenye heshima, akasema, "Mama, chukueni yote, mimi sikujua hata ni maua." Tulivichimba vitunguu kwa uma wa shamba kabla tingatinga halijaja, tukivaa glavu, tukavipanda chini ya miti ya uwanja wa kanisa, kwa kina kilekile na kwenye kivuli kilekile. Vingi vimeshika. Hii ndiyo hali pekee ambayo ningemshauri mtu achimbe: ardhi inalimwa kesho na mwenyewe amekubali.

Presha yangu imeshuka, daktari amepunguza dozi, dawa sijaacha na nawe usiache zako kwa sababu umesoma simulizi ya mtu.

Kama una asubuhi moja tu mwezi wa Aprili na uko Nakuru, ingoje mvua mbili tatu kubwa zipite, kisha panda Menengai kwa njia ya msitu mkiwa angalau watatu. Anzeni saa kumi na mbili unusu. Kuna ada ndogo mlangoni. Mkifika ukingoni mtaona kreta yenye upana wa kilomita kama kumi na mbili kwa nane na mvuke wa visima vya jotoardhi chini, lakini msikae sana hapo, kila mtu hukaa hapo. Rudini mkitembea polepole kwenye vivuli vya miamba, upande usiopigwa na jua la asubuhi, mkitazama chini. Saa nane mchana muwe mmeshafika nyumbani.